Nahau za Nyumbani katika Vioo vya Chagall

Nilipokuwa darasa la nne, nilivishwa shingoni kipande cha mbao kilichofungwa kwa kamba ya katani. Kosa langu lilikuwa kumwambia rafiki yangu, kwa lugha ya mama, kwamba kalamu yake ilikuwa imeanguka. Nilizunguka nacho mchana kutwa nikimvizia mwenzangu wa kumpokeza aibu ile, maana aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Sisimulii haya ili kuwalaumu walimu wa wakati ule, kwani wao nao waliyarithi. Nayasimulia kwa sababu, licha ya kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kuiagiza dola ikuze lugha za kiasili, dhana iliyokifunga kile kibao ingali hai miongoni mwetu: kwamba lugha ya nyumbani ni mzigo wa kutuliwa langoni mwa shule. Leo nataka kuijibu dhana hiyo kwa maisha ya mtu ambaye hakuwa mwanaisimu hata kidogo. Alikuwa mchoraji, mchapaji wa picha, na katika uzee wake fundi wa madirisha ya vioo vya rangi.

Marc Chagall alizaliwa mwaka 1887 karibu na mji wa Vitebsk, ambao leo uko Belarus na wakati huo ulikuwa katika himaya ya Urusi. Baba yake alifanya kazi ya sulubu katika ghala la samaki wa chumvi. Mama yake aliuza duka dogo. Nyumbani walisema Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, yenye asili ya Kijerumani lakini iliyoandikwa kwa hati za Kiebrania na kuchota msamiati mwingi kutoka Kiebrania na lugha za Kislavoni. Wasomi wengi wa zama hizo, hata baadhi ya Wayahudi wenyewe, waliiita lugha hiyo porojo za sokoni, Kijerumani kilichoharibika. Msomaji atakayekumbuka yanayosemwa juu ya Sheng, au juu ya lahaja fulani za Kiswahili zinazochekwa mbele ya watu, hatashangaa.

Basi tazama picha yake iitwayo *Juu ya Vitebsk*, aliyoichora mnamo 1914. Juu ya mapaa yenye theluji anaelea mzee mwenye mkoba mgongoni na fimbo mkononi. Wahakiki wasiojua Kiyidishi waliandika mengi kuhusu ndoto, njozi na fumbo la nafsi. Sikatai kwamba ndoto zimo. Lakini katika Kiyidishi, mwombaji au mchuuzi anayebisha hodi mlango hadi mlango husemwa kwamba "anapita juu ya nyumba". Ni nahau ya kila siku, ambayo mama yeyote wa Vitebsk angeitamka bila kufikiri. Chagall aliichukua kama ilivyo, neno kwa neno, akaichora. Kile ambacho Paris ilikistaajabia kama ubunifu wa ajabu, nusu yake kilikuwa sarufi ya jikoni kwa mama yake.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu wa Kiswahili watue kidogo. Sisi huwafundisha wanafunzi nahau kwa kuzikariri: "mkono wa birika" maana yake mchoyo, "kumwaga unga" maana yake kupoteza kazi, "kupiga maji" maana yake kulewa. Mwanafunzi hujaza pengo, hupata alama, akasahau. Ni nani kati yetu aliyewahi kumwambia mtoto achore mtu ambaye mkono wake umepinda kama mrija wa birika, umeelekea kifuani pake na haunyooki kumpa mwenziwe kitu? Mtoto akichora hivyo, ataiona sitiari tangu mzizi wake. Na tukimwacha afanye hivyo kwa nahau za lugha ya nyumbani kwao, atatambua kwamba ana hazina ambayo mwenzake wa dawati la pili hanayo.

Turudi kwa Chagall. Baada ya Mapinduzi ya 1917 alipewa usimamizi wa mambo ya sanaa huko Vitebsk, akaanzisha shule, kisha akagombana na wenzake walioona michoro yake imepitwa na wakati. Mwaka 1922 aliondoka Urusi, akaenda Berlin akiwa na muswada wa kumbukumbu za maisha yake. Mchapishaji Paul Cassirer alitaka kuutoa kwa Kijerumani, lakini matini ile ilikuwa ngumu mno kuitafsiri. Mwishowe, mwaka 1923, zilichapishwa picha peke yake, 20 kwa idadi, bila maneno. Kwa ajili ya kazi hiyo ndipo Chagall, akiwa na umri wa miaka 35, alipojifunza kuchapa picha kwa mabamba ya shaba. Mimi ninayepata riziki kwa kuchambua tafsiri hukiona kisa hiki kuwa cha pekee: tafsiri ilishindikana, na kushindikana huko kukamzaa mchapaji.

Kwa faida ya wasioijua, kazi hiyo hufanywa hivi. Bamba la shaba hupakwa utando wa nta, kisha msanii huchora juu yake kwa sindano na kuiacha shaba wazi kila sindano ipitapo. Bamba huchovywa katika asidi, nayo asidi huila shaba pale tu palipoachwa wazi. Baadaye utando huondolewa, wino hushindiliwa ndani ya mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu kwa mashine. Picha hutoka imegeuka, kulia kukiwa kushoto.

Huko Paris, Ambroise Vollard alimwagiza picha za kitabu cha Gogol, *Nafsi Zilizokufa*, halafu za hekaya za La Fontaine, halafu za Biblia. Uteuzi wa La Fontaine ulizua kelele: iweje mgeni, tena Myahudi kutoka Urusi, akabidhiwe mshairi wa Wafaransa? Vollard hakutetereka. Hata hivyo alifariki mwaka 1939 kabla ya kukitoa hata kimoja, na vitabu hivyo vilisubiri hadi 1948, 1952 na 1956.

Katika miaka hiyo ya kusubiri, dunia ya Chagall iliteketezwa. Mwaka 1937 Wanazi walizitundika picha zake mjini Munich katika maonyesho ya kile walichokiita sanaa iliyooza. Mwaka 1941 alikimbilia New York. Mkewe Bella, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za utoto wake kwa Kiyidishi, alifariki huko mwaka 1944, naye Chagall akaipamba kazi hiyo kwa michoro yake. Kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, wengi walikuwa wasemaji wa Kiyidishi. Sisi wanaisimu husema "kufa kwa lugha" kwa wepesi, kana kwamba lugha huugua mafua. Lugha hii haikufa kwa wasemaji wake kuihama tu. Wasemaji wenyewe waliuawa, watoto kwa wazee. Chagall aliishi Ufaransa miaka mingi na Kifaransa alikijua, lakini mashairi yake aliendelea kuyatunga kwa Kiyidishi.

Alikuwa anakaribia miaka 70 alipoanza kazi ya vioo. Mwaka 1958 alikutana na fundi Charles Marq wa karakana ya Simon huko Reims, na hapa naona jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Kioo walichokitumia kilikuwa na tabaka jembamba la rangi lililolala juu ya kioo chenyewe. Asidi ilitumika kulila tabaka hilo, hapa kidogo, pale sana, hata kipande kimoja kikabeba rangi iliyokoza na iliyofifia bila kukatwa kwa ukanda wa risasi. Ni asidi ileile ya mchapaji, ila safari hii iliachia nuru badala ya wino. Mkono uliozoea bamba la shaba ulijua la kufanya.

Matokeo yake yako katika kanisa kuu la Metz, katika Fraumünster ya Zürich, katika Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York, ambako dirisha lake la 1964 linamkumbuka Dag Hammarskjöld, na katika sinagogi la hospitali ya Hadassah huko Jerusalem, penye madirisha 12 ya makabila ya Israeli yaliyozinduliwa mwaka 1962. Katika hayo ya Jerusalem hamna sura ya binadamu hata moja. Wanyama, ndege, samaki na maua ndio wasemao. Katika kijiji cha Tudeley, kusini mwa Uingereza, wazazi waliofiwa na binti yao wa miaka 21 kwa ajali ya mashua walimwomba dirisha moja la kumkumbuka. Chagall aliishia kuyatengeneza madirisha yote 12 ya kanisa hilo dogo.

Sitaki nidhaniwe kuwa namsifu bila kipimo. Katika miaka yake ya mwisho alijirudia mno: wapenzi walewale, jogoo yuleyule, fidla ileile, na soko la picha zilizochapwa likanenepa kwa uradidi huo. Lakini siwezi kuipita kazi ya Mainz. Mwaka 1978, akiwa na miaka 91, alianza kulipatia kanisa la Mtakatifu Stefano vioo vya buluu. Mainz iko Ujerumani. Mtu ambaye lugha ya mama yake ilikaribia kufutwa na Wajerumani aliwapa nuru ya kusalia chini yake, na aliiendeleza kazi hiyo hadi alipofariki tarehe 28 Machi 1985.

Wapo watakaoniambia kwamba mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umekwisha kuzipa nafasi lugha za kiasili na sanaa. Kwenye karatasi, naam. Lakini kipindi cha sanaa kinapomezwa na hisabati mtihani ukaribiapo, na lugha ya kiasili inapofundishwa na mwalimu aliyetupiwa tu kwa kuwa alizaliwa eneo hilo, karatasi haitoshi. Vilevile yapo maeneo yenye watoto wa lugha kumi katika darasa moja. Kwao pingamizi la walimu lina uzito, na sina jibu jepesi la kuwapa.

Muhula ujao nitawapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi hili: kila mmoja alete nahau moja ya nyumbani kwao, aichore kama inavyosema na si kama inavyomaanisha, kisha wenzake wasioijua lugha hiyo waikisie. Walimu wa shule za msingi na sekondari watakaolijaribu kabla yangu, naomba waniandikie kupitia gazeti hili.