Sheria ya Wanyamapori Huanzia Buchani

Akitajwa askari wa wanyamapori, fikira za wengi wetu hukimbilia Tsavo, Samburu au Maasai Mara. Tunamwona mtu aliyevaa sare za kijani, bunduki begani, akifuata nyayo za majangili vichakani huku jua likimchoma utosi. Taswira hiyo si ya uongo, ila ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili imo mijini. Mimi niliyefundisha Eastlands kwa miaka mingi nathubutu kusema kwamba imo hata Kiamaiko, pale jirani na Huruma na Mathare, mahali ambapo kiumbe wa mwitu anayeonekana aghalabu ni kunguru na mwewe.

Asiyeijua Kiamaiko na aelezwe. Ni mtaa ulioshikana na biashara ya mbuzi kama kidole na ukucha. Alfajiri malori hufika yakiwa yamesheheni mbuzi na kondoo kutoka Marsabit, Isiolo, Moyale na sehemu nyinginezo za kaskazini. Kabla jua halijapanda, nyama imekwisha kuchinjwa na kupakiwa, tayari kuelekea kwenye bucha na mikahawa ya jiji. Vichwa na matumbo hubakia kwa akina mama wanaopika supu na vijana wanaochoma mutura kando ya barabara. Maelfu ya familia, za wafugaji huko mbali na za wachuuzi hapa karibu, hutegemea riziki hiyo. Vichinjio hivyo vina kasoro zake, na malalamiko kuhusu maji taka si ya jana wala juzi. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kichinjio halali hutufunza: nyama haistahili kufika sufuriani kabla ya mkaguzi kuitazama. Mkaguzi huchunguza maini, mapafu na tezi, akiridhika hugonga muhuri. Alama ile ya wino ndiyo shahada ya nyama.

Sasa tujiulize: je, ile nyama isiyo na muhuri, inayouzwa kwa bei ya kutupa katika vichochoro vya jiji, hutoka wapi? Sisemi kwamba wafanyabiashara wa Kiamaiko huuza nyamapori. Kinyume chake, wao ndio wa kwanza kuumizwa nayo, kwani hakuna mwenye kununua mbuzi, kulipia lori na kulipia ushuru awezaye kushindana na mtu ambaye mtaji wake ni kipande cha waya. Lakini kwamba nyamapori huingia Nairobi si siri. Mwaka 2004 wachunguzi walinunua vipande vya nyama katika bucha za jiji hili na kuvipima katika maabara. Takriban robo ya vipande hivyo vilikuwa ni nyama ya wanyama wa porini, na vingine vilikuwa vimechanganywa. Mnunuzi aliyedhani anabeba nyama ya ng'ombe alikuwa amebeba pundamilia bila habari.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani: "Mwalimu, ikiwa mbuzi huchinjwa Kiamaiko kila siku na hakuna anayefungwa, kwa nini mtu afungwe kwa kumchinja pundamilia?" Wenzake walicheka, lakini mimi sikuona cha kucheka. Lile lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na kila mwalimu anafaa kuwa na jibu lake.

Jibu langu lina sehemu tatu. Kwanza, mbuzi ana mwenyewe. Kuna mtu aliyemlisha, akamnywesha wakati wa ukame na kumlinda dhidi ya fisi, naye hulipwa anapouzwa. Pundamilia ni mali ya taifa zima, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Anayemuua na kumuuza ameuza cha watu wote akatia faida mfukoni mwake. Pili, tanzi la waya halichagui. Limetegewa swala, lakini humnasa hata twiga, simba, au mama mwenye ndama, na aliyenaswa huweza kuteseka siku kadhaa kabla ya kufa. Sehemu ya nyama hiyo huozea porini bila kumfaidi yeyote. Tatu, mnyama wa porini hapiti mbele ya mkaguzi. Mwezi Julai mwaka 2019, ugonjwa wa kimeta uliwaua nyati zaidi ya kumi katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Kimeta humuua binadamu vilevile. Hebu tafakari, ndugu msomaji, ingekuwaje kama mzoga mmoja wa aina hiyo ungekatwakatwa usiku na kufikishwa kwenye sufuria ya supu mtaani.

Hata hivyo, sitakuwa mkweli nikimwambia mwanafunzi yule kwamba sheria hizi ziliteremka kutoka mbinguni zikiwa safi. Enzi za ukoloni, mzungu aliyelipia leseni aliitwa mwindaji, na Mwafrika aliyefuata desturi ya babu zake kwa upinde na mshale aliitwa mwizi. Wawata wa nyika za Tsavo, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa mishale ya sumu tangu kale. Mbuga ya Tsavo ilipoundwa mwaka 1948, ustadi wao uligeuka kuwa hatia, na katika miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walisakwa na kutiwa gerezani. Ikiwa mpaka leo kuna wazee wanaomtazama askari wa mbuga kwa jicho la pembeni, hawana wazimu. Wana kumbukumbu.

Lakini historia haikukomea hapo. Serikali ya Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na leseni ya tajiri ikafutwa sawa na mshale wa maskini. Hata hivyo marufuku peke yake haikutosha. Ndovu waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walikuwa wamebakia takriban 16,000 ilipofika mwaka 1989. Julai 18 mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ili ulimwengu upate kuona kwamba Kenya haikutaka tena biashara ile. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaanza kazi mwaka 1990 chini ya Richard Leakey. Hesabu iliyofanywa mwaka 2021 ilionyesha kwamba ndovu wamezidi 36,000. Ongezeko hilo halikuletwa na hotuba. Liliwezekana kwa kuwa kuna watu waliolala porini kwenye baridi, waliotembea maili nyingi wakiokota matanzi, na wengine wao hawakurudi nyumbani.

Kuhusu hao wasiorudi nina neno. Mwezi Agosti mwaka 1989, George Adamson, aliyekuwa askari mkuu wa wanyamapori katika wilaya za kaskazini kabla ya kustaafu na kuwalea simba huko Kora, aliuawa na majambazi alipokwenda kumwokoa mgeni. Ulimwengu mzima ulimlilia. Lakini wasaidizi wake wawili waliuawa pamoja naye, na sijakutana na mwanafunzi aliyeweza kunitajia majina yao. Ndivyo tunavyowatendea walinzi wetu. Tarehe 31 Julai kila mwaka ni siku ya kuwakumbuka askari wa wanyamapori duniani kote, lakini shule zinazoiadhimisha ni za kuhesabika.

Kazi ya askari huyu imebadilika sana. Hapo zamani bunduki ilidhaniwa kuwa ndiyo kila kitu, na mwaka 1988 Rais Moi aliamuru majangili wapigwe risasi papo hapo. Leo tunaelewa kwamba maiti haisemi aliyeitumma bunduki ni nani, wala ni nani aliyekuwa akingoja mzigo mjini. Askari aliyehitimu katika chuo cha KWS kule Manyani anatakiwa kujua kukusanya ushahidi, kuuhifadhi usiharibike, na kusimama mbele ya hakimu akaueleza bila kubabaika. Mwaka 2015 shirika hilo lilifungua maabara ambayo huweza kutambua, kwa kupima jeni, kama kipande cha nyama ni cha mbuzi au cha swala, hata kiwe kimechunwa ngozi na kukatwakatwa. Huo ndio uzi unaounganisha mbuga na bucha. Tanzi lililotegwa kwenye nyanda za Athi-Kapiti linaweza kufuatiliwa hadi meza ya muuzaji jijini.

Sheria nayo imekaza kamba. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja kwa anayefanya biashara ya nyamapori. Anayewinda ili ajaze tumbo lake alihesabiwa kuwa mkosaji pia, ila aliwekewa adhabu nafuu. Kwa makosa yanayohusu wanyama waliomo hatarini, kama vile ndovu na vifaru, ilitaja faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Je, msumeno huu wetu hukata kweli pande zote mbili? Nina wasiwasi. Mwezi Juni mwaka 2014, takriban tani mbili za pembe za ndovu zilinaswa mjini Mombasa. Feisal Mohamed Ali alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2016, na magazeti yakaandika kwamba hatimaye papa wamenaswa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliitengua hukumu hiyo kwa kuona kasoro katika ushahidi na mwenendo wa kesi, akaachiliwa huru. Siilaumu mahakama, kwani mtu hafungwi kwa uvumi. Ninachosema ni kwamba ushahidi unapovurugika, tani mbili za pembe hubaki bila mkosaji, huku kijana aliyekutwa na mguu wa swala ndani ya gunia akiwa hana wakili wa kumtetea. Watoto wetu wanaona. Wakishaamini kwamba sheria ni utando wa buibui unaonasa inzi na kupitisha nyigu, hatutaweza kuwafundisha uraia kwa kitabu chochote.

Kuna pia watakaoniambia kwamba njaa haina sheria. Watauliza: mama wa Kiamaiko mwenye watoto watano na mia moja mkononi atachagua muhuri au ataichagua nyama ya bei nafuu? Hoja hiyo ni nzito, nami siipuuzi. Lakini tuifuate hadi mwisho wake. Mama huyo haambiwi kwamba anauziwa pundamilia. Anadanganywa kwamba ni ng'ombe. Anayefaidika na umaskini wake ni mlanguzi, na atakayeugua ni mwanawe. Kumtetea mlanguzi kwa jina la maskini ni kumwibia maskini mara mbili. Dawa ya njaa ni maharagwe, omena na kazi yenye malipo ya haki. Mzoga uliofichwa kwenye buti la gari haujawahi kumtoa mtu katika ufukara.

Vivyo hivyo, hatuwezi kumdai mfugaji wa Kajiado au Laikipia awapende wanyama ilhali ndovu akimuua jamaa yake hulipwa kwa ahadi. Sheria ile ile ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa aliyeuawa na mnyama. Familia nyingi zimengoja kwa miaka. Kila fidia inayocheleweshwa humwongezea askari adui mmoja, na kila fidia inayolipwa humpa jicho la ziada kijijini. Serikali inayonunua risasi ikasahau fidia inajaza maji katika pakacha.

Basi nawageukia walimu wenzangu. Vyama vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe, hata kabla ya kuwapo kwa KWS. Katika shule nyingi za Eastlands vyama hivyo vimezimika, au vimebakia jina kwenye ubao wa matangazo. Tuvifufue. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, iko umbali wa matatu mbili tu kutoka Kiamaiko, lakini kuna watoto wa mitaa hii wanaomaliza shule bila kuikanyaga. Tutawezaje kutarajia wakilinde wasichokijua? Tuwapeleke huko, na turudi nao tuwapeleke kichinjioni pia, wamwone mkaguzi akifanya kazi, waelewe kwamba yeye na askari wa mbuga hulinda mlango mmoja, huyu akiwa ndani na yule nje.

Nanyi wanafunzi, yeyote miongoni mwenu mwenye nia ya kuvaa sare ile ya kijani asidhani kwamba kazi hiyo ni ya misuli na shabaha pekee. Anahitaji biolojia, sheria, lugha za wenyeji, na zaidi ya yote uaminifu, kwani askari anayechukua mlungula wa shilingi elfu mbili kizuizini amefungua njia iliyofungwa kwa damu ya wenzake. Hata asiyekuwa na nia hiyo ana wajibu wake, na wajibu huo hauhitaji bunduki. Ukitumwa bucha, tazama muhuri. Usipouona, uliza. Usipojibiwa vyema, ondoka na pesa zako, kisha uwaambie na walio nyumbani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari mmoja porini hawezi kumzuia mtegaji ambaye jiji zima linamngojea na fedha mkononi. Mtegaji atalitupa waya lake siku ile atakaporudi na gunia lake bila kupata wa kulinunua, na siku hiyo haitaletwa na KWS peke yake. Italetwa na wanunuzi, mimi na wewe tukiwa miongoni mwao.