Elimu ya Punda Huanzia Kwatoni

Methali yetu yasema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Ilitungwa kuwasuta watu wasio na shukrani, lakini nahofia kwamba imetuzoeza sisi walimu kumdharau mnyama mwenyewe. Punda huchota maji, hubeba kuni, huvuta mkokoteni na kupeleka mavuno sokoni, na bado katika vitabu vya mafunzo ya mifugo aghalabu hupewa kurasa chache za mwisho, baada ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Kwa hiyo nauliza: endapo chuo kikuu chetu kitaanzisha mpango kamili wa elimu ya wanyama wa jamii ya farasi, nani auongoze, naye aanzie wapi?

Jibu la haraka ni kwamba atafutwe mtaalamu mwenye shahada kubwa kuliko wenzake, achukue mihtasari ya vyuo vya Uingereza au Marekani na kuitekeleza kama ilivyo. Jibu hilo lina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza yahusu mnyama. Mihtasari hiyo imejengwa zaidi juu ya farasi wa mashindano na wa starehe. Kwetu farasi ni wachache, wala si kwa sababu ya uvivu wa wafugaji. Nagana, ienezwayo na mbung'o, humdhoofisha na kumwua farasi. Tauni ya farasi, ienezwayo na vijidudu warukao wa usiku, humwangamiza vilevile, hali punda na punda milia huistahimili zaidi. Basi mnyama wetu wa kufundishia ni punda, naye si farasi mdogo. Mimba yake huchukua miezi 12 hivi, ya farasi miezi 11. Baadhi ya dawa huisha mwilini mwake upesi kuliko mwilini mwa farasi, hivyo kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya farasi chaweza kumpunja. Tena punda huficha maumivu. Asiyemzoea humdhania mzima hata siku ya kuanguka.

Kasoro ya pili yahusu ualimu. Miaka michache iliyopita nilialikwa kutazama mtihani wa vitendo katika chuo kimoja cha mikoa ya kati. Punda aliazimwa kwa mama mmoja auzaye maji kijijini. Mwanafunzi aliyeitwa mbele alikuwa hodari wa darasa. Alitaja mifupa ya mguu wote, toka bega hadi kwato, bila kukosea hata mmoja. Alipoulizwa kwa nini mnyama anachechemea, alinyamaza, kisha akamwendea kwa nyuma. Teke lilimkosa kwa inchi chache, na wenzake wakacheka.

Mwenye punda ndiye aliyemwokoa. "Mwanangu, njoo kwa mbele akuone," alisema. "Huyo kwato zake nzima. Tazama mgongoni." Kijana aliamkia, akazunguka, akainua tandiko. Chini yake palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, upande mmoja tu. Yule mama alieleza kwamba dumu moja la maji lilikuwa likivuja, hivyo mzigo ukawa ukiegemea upande wa pili njiani. Kijana yule alipata alama nzuri kwa mifupa aliyoitaja, na yule mama hakuulizwa lolote zaidi. Nilirudi nyumbani nikiona kwamba tuliyemtahini siye aliyekuwa na elimu.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba kiongozi wa mpango kama huu hana budi awe mwalimu kwanza, ndipo awe mtaalamu. Afundishe yeye mwenyewe mwaka wa kwanza, badala ya kuwaachia wasaidizi na kujifungia ofisini na majalada. Wanafunzi wamwone kila juma akiinua ukwato, akiusafisha na kuutazama. Mtahini wa vitendo asiwe mmoja: mwenye punda aketi naye, na neno lake lihesabiwe katika alama.

Wapo watakaouliza mahali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, ndicho chenye kufundisha udaktari wa mifugo, na huko ndiko mpango ungestahili kuzaliwa. Lakini tusiisahau Temeke. Katika wilaya hii moja ipo kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, ipo maabara kuu ya veterinari, na hapo Chang'ombe kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa chuo cha ualimu. Wajuao mnyama na wajuao kufundisha ni majirani, lakini ni mara ngapi wamekaa darasa moja? Kiongozi mwenye busara angeanza kwa kuwakutanisha.

Nitaambiwa kwamba hapa mjini hakuna punda wa kutosha, na kwamba Mbagala na Tandale mkokoteni huvutwa na binadamu au hushindwa na bajaji. Ni kweli, wala sipendekezi punda waingizwe katika msongamano wa Kilwa Road. Napendekeza chuo kiwe na punda wake wanne au watano, wafanye kazi ndani ya uwanja wa chuo: wabebe majani, maji na samadi. Punda wa maonyesho hafundishi vidonda vya tandiko, kwa kuwa habebi kitu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kazi ya shamba la shule iwe sehemu ya kujifunza. Tulilolifanya kwa jembe twaweza kulifanya kwa punda. Kisha wanafunzi wapelekwe Dodoma, Manyara na Arusha kwa muhula mzima, wakae na wenye wanyama.

Jambo hili halingoji. Kwa miaka kadhaa punda wa Afrika wamechinjwa kwa wingi ili ngozi zao zichemshwe na kufanywa dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Punda jike huzaa mtoto mmoja kwa mimba ya mwaka mzima. Hawezi kufidia pengo kama hilo. Mwaka 2022 Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo. Desemba mwaka huohuo mkutano wa Afrika kuhusu punda ulifanyika hapa Dar es Salaam, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuukomesha barani kote. Hayo ni mema. Lakini sheria huzuia kisu tu. Haimfundishi mtu kuinua tandiko na kutazama chini yake. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Punda akifa, anayerudi kubeba dumu kichwani ni mama na binti yake, na binti huyo aghalabu ndiye atakayekosa shule. Basi, walimu wenzangu, tunapomtafuta kiongozi wa elimu hii, tusimwulize ana vyeti vingapi kabla ya kumwuliza kama aweza kumwendea punda kwa mbele, na kama yu tayari kukaa chini mbele ya mama muuza maji, asikilize.