MWEMBE TAYARI NI MWEMBE UPI?



Mtoto wa Mombasa apita Mwembe Tayari na Mwembe Kuku aendapo shule. Hebu mwulize: ni miembe ipi hiyo, na ilisimama wapi? Hajui. Wala usimlaumu, kwani ni nani aliyemwambia?

Lakini mtoto huyo huyo akishika simu, kwa dakika moja atakuonyesha London njia kwa njia. Ramani hizi za kompyuta zimeenea duniani tangu mwaka 2005. Kosa si lao. Ramani haisemi ila lile iliyoambiwa, nasi tumenyamaza.

Twajifakhiri kwa wazee wetu wa elimu. Al-Idrisi alikamilisha ramani ya dunia huko Sicily mwaka 1154. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331, akahadithia misikiti yake ya mbao, na mpaka leo twasoma. Mgeni wa usiku mmoja ametuachia habari ya karibu miaka 700! Wewe uliyezaliwa hapa utaacha nini?

Walimu husema: "Wakati hautoshi, mtihani u karibu." Udhuru huo haufai. Mwanafunzi na aende kwa nyanyake, asikilize kisa cha kisima cha mtaa, akiandike kwa Kiswahili safi. Kisha darasani mwalimu afungue ramani, wapatafute mahali penyewe, wapime umbali wake mpaka baharini, na kisa wakiweke pale pale. Hapo amesoma jiografia, tarehe na lugha kwa pamoja. Na simu ya mwalimu peke yake yatosha.

Wazazi nao husema: "Simu yaharibu watoto." Ni kweli yaharibu. Mbona basi usiku twawaachia waangalie watakavyo, na ikitajwa kwa masomo ndipo twakumbuka madhara yake?

Wako wasemao kuwa hii ni kazi ya wataalamu. Kibera, huko Nairobi, katika ramani nyingi palikuwa kama pori tupu, mpaka mwaka 2009 vijana wa huko huko walipochora vichochoro vyao. Dar es Salaam nako, tangu 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wenyeji kuchora mitaa ifurikayo maji, katika kazi iitwayo Ramani Huria. Hao hawakungojea mtu.

Ni kweli, si kila neno ni la kuwekwa ramanini. Siri ya nyumba ibaki nyumbani, na mzee aombwe idhini kabla ya kisa chake kutolewa. Lakini jina la mtaa, la kisima na la bandari ya majahazi si siri, ni amana.

Na amana hii yapotea. Kila jeneza litokalo mtaani latoka na majina ambayo hakuna tena ayajuaye. Basi leo, baada ya Isha, mkalishe mwanao mbele ya nyanyake, na kalamu mkononi. Swali la kwanza liwe hili: mwembe ulikuwa wapi?