Staa wa Bongo Asaka Kiki London Juu ya Parking ya Mlemavu

Msanii mmoja wa Bongo, jina kapuni, katupia picha akiwa London, kaegemea ndinga ya kukodi nje ya nyumba ya watu. Pamba kali, pozi la kibosi. Chini ya matairi, mchoro wa kiti cha magurudumu unaonekana kabisa.

Waliomsema wakashukiwa na timu yake: "Kwani huyo mlemavu kanunua barabara?"

Hajanunua, na ndiyo maana jambo hili linauma. Uingereza, anayetaka parking hiyo nje ya kwake anaiomba halmashauri. Kwa kawaida lazima awe na kibali cha Blue Badge na asiwe na pa kuegesha ndani kwake. Kisha anasubiri. Akikubaliwa mistari inachorwa, ila mara nyingi nafasi haiwi yake peke yake. Hapo yeyote mwenye Blue Badge ruksa kuegesha. Na mitaa mingine mistari hiyo ni ya kuombana ustaarabu tu, faini hakuna. Yaani mtu kahangaika na makaratasi yote hayo, halafu kinachomlinda ni aibu ya dereva. Sasa aibu kwa mastaa wa Bongo utaipata wapi?

Eti "ni dakika tano tu". Dakika tano hizo mwenye kiti anazunguka mtaa, maana akiegesha mbali, au pa kubanana mlango usifunguke wote, hashuki.

Mashabiki wanasema ni wivu. Wivu wa gari la kukodi?

Picha bado ipo. Zilizofutwa ni komenti zinazotaja kile kiti.