Chakula cha bei nafuu Ngara na Biharamulo: Tusimfukuze mama lishe njia panda

KATIKA wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wapo watu wengi ambao kila siku mchana huuliza swali moja: nitakula wapi kwa fedha niliyonayo? Mwendesha bodaboda, kibarua wa kupakua mizigo, mwalimu mpya anayesubiri mshahara wa kwanza, utingo wa lori na ndugu anayeuguza mgonjwa hospitalini Murgwanza, wote hawa hawana jiko karibu. Wanategemea sahani ya mama lishe.

Swali hilo linaonekana dogo, na ndiyo maana halizungumzwi katika vikao vya mipango. Tunazungumza kahawa, nikeli na mizigo inayovuka Rusumo. Hata hivyo, bei ya sahani ya ugali na maharage inamgusa mlaji, mpishi na mkulima kwa wakati mmoja, na kuna uamuzi wa kiutawala unaoweza kuipandisha kuliko ukame.

Kwanza tuangalie ramani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi, ambayo ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 hadi mpakani, inaingia Biharamulo kupitia Nyakanazi, mahali inapokutana na barabara ya kutoka Kigoma. Mbele kidogo ni Lusahunga, ambako njia ya kwenda Biharamulo mjini na Bukoba inachepuka. Ukiendelea unaingia Ngara, unafika Benako, na hatimaye Rusumo kwa wanaokwenda Rwanda au Kabanga kwa wanaokwenda Burundi. Sehemu hizi zote ni viunga. Ziko mbali na ofisi za wilaya, lakini ndiko watu wanakokula kwa wingi, kwa sababu ndiko magari yanakosimama.

Mgeni anayetafuta chakula nafuu katika vituo hivi atafanya vizuri akielewa kanuni moja. Kibanda kinachotazama lami kinalipia lami, na gharama hiyo iko ndani ya bei ya sahani. Anayetaka unafuu aende mstari wa nyuma, au afuate bodaboda wanakoegesha saa saba mchana. Wao hula hapo kila siku na hawawezi kumudu kudanganywa mara mbili. Aidha, aangalie sufuria. Mahali ambapo chakula kinaisha kabla ya saa tisa, sahani ni nafuu na chakula hakijalala. Mahali ambapo sufuria inabaki nusu hadi jioni, mlaji wa leo analipia pia sahani ambazo hazikununuliwa jana.

Sababu ya kanuni hiyo ni ya kihesabu, na ndiyo kiini cha makala haya. Hebu tuchukue mfano. Namba nitakazotumia ni za kufikirika, na msomaji anaweza kuweka za kwake kulingana na bei za soko lake.

Tuseme sahani moja ya ugali na maharage inatumia robo kilo ya unga na gramu 100 za maharage makavu. Unga ukiwa Sh1,600 kwa kilo, hiyo ni Sh400. Maharage yakiwa Sh2,500 kwa kilo, hiyo ni Sh250. Mafuta, nyanya, kitunguu na chumvi tuweke Sh150, mkaa Sh150, maji na sabuni Sh50. Jumla ni Sh1,000. Mama lishe anauza sahani kwa Sh1,500, hivyo anabaki na Sh500.

Akiuza sahani 40 kwa siku, anabaki na Sh20,000. Hapo anamlipa msaidizi Sh5,000, pango Sh2,000 na ushuru Sh500. Anarudi nyumbani na Sh12,500. Si utajiri, lakini ni ada ya shule na mtaji wa kesho.

Sasa tuseme halmashauri, kwa nia njema ya kupanga mji, inamhamishia nusu kilomita kutoka kwenye maegesho ya malori. Bei ya unga haijabadilika, na ya maharage pia. Lakini wateja wanapungua na sasa anauza sahani 25. Anabaki na Sh12,500, na akishalipa zile Sh7,500 za msaidizi, pango na ushuru, anapata Sh5,000 tu. Ili apate kile alichokuwa akipata mwanzo, itabidi kila sahani imbakizie Sh800, maana yake auze kwa Sh1,800. Mlaji anaongezewa Sh300, na hakuna mvua iliyokosekana wala lori lililokwama.

Linganisha na mavuno. Maharage yakishuka kutoka Sh2,500 hadi Sh1,700 kwa kilo wakati wa mavuno, sahani inapungukiwa gharama ya Sh80 pekee. Kwa maneno mengine, katika mfano huu kumhamisha mpishi kunamwumiza mlaji karibu mara nne kuliko mavuno mazuri yanavyomsaidia. Wingi wa sahani zinazouzwa ndio unaoshikilia bei chini. Anayetaka chakula nafuu kwa wananchi wa kipato cha chini hana budi kuulinda wingi huo.

Wapo watakaosema kwamba mama lishe ana kero zake: moshi, majitaka, hatari ya kipindupindu, na watu kukaa ukingoni mwa barabara malori yakipita kwa kasi. Hoja hizo ni za kweli. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande, na hakuna mwenye akili timamu anayeweza kutetea jiko la mkaa ndani ya eneo hilo. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kumtoa mpishi barabarani na kumtoa sokoni. Meta 30 zinamlinda. Nusu kilomita inamfilisi. Sehemu sahihi ni ukingo wa maegesho yenyewe, nje ya hifadhi ya barabara, penye paa, bomba la maji na choo. Maji na choo ndivyo vinavyozuia kipindupindu, na vinaweza kujengwa karibu na wateja kama vinavyoweza kujengwa mbali.

Upande wa mkulima ndio unaosahaulika zaidi. Mama lishe mmoja wa sahani 40 anatumia kilo nne za maharage na kilo 10 za unga kwa siku. Tukiwa na ishirini wa aina hiyo katika njia panda moja, hizo ni kilo 80 za maharage na kilo 200 za unga kila siku. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, maharage peke yake yanazidi tani mbili. Huyu ni mnunuzi anayelipa taslimu, anayenunua kwa kilo au debe na si kwa lumbesa, na anayerudi kesho. Mkulima mdogo wa Ngara ana wanunuzi wachache wenye sifa hizo.

Historia ya eneo hili inatufundisha jambo hapa. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya wakimbizi 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takriban siku moja, na Benako ikawa moja ya kambi kubwa duniani hadi waliporudishwa mwishoni mwa mwaka 1996. Mashirika ya misaada yalileta mahindi, maharage na mafuta, lakini ndizi, maziwa na vyakula vingine visivyokuwa kwenye mgao vilitoka kwa wenyeji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wachumi Jennifer Alix-Garcia na David Saah walionyesha kuwa bei za vyakula ambavyo havikuwa vya msaada zilipanda sana karibu na kambi, wakati bei za vyakula vya msaada hazikupanda kwa kiwango hicho. Kaya za vijijini zilizokuwa karibu zilionekana kunufaika, na za mijini kuumia.

Fundisho ni kwamba mdomo mpya unapofika njia panda, mkulima wa jirani anaweza kupata soko, lakini mlaji asiye na shamba anaweza kulipa gharama yake. Mdomo mpya mwingine uko njiani. Mradi wa nikeli wa Kabanga, unaosimamiwa na kampuni ya Tembo Nickel iliyoundwa mwaka 2021, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16, uko Ngara. Mradi wa namna hiyo unapoanza kuajiri, watu wengi huja kutafuta kazi kabla ya kuipata, na wote wanakula. Biharamulo wanalijua hilo tangu mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulipofunguliwa mwaka 2005. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka bidhaa na huduma za Watanzania zipewe kipaumbele. Hilo ni jema, lakini kampuni ya upishi kutoka jiji la mbali nayo ni ya Watanzania. Kama maharage ya Ngara hayana mpangilio, jikoni mwa mgodi kutapikwa maharage ya kwingine, na mwenyeji ataambulia bei kubwa ya pango tu.

Kwa upande mwingine, mdomo wa zamani unapungua. Kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016 na Rais wa wakati huo, John Magufuli, pamoja na Rais Paul Kagame wa Rwanda, kilijengwa ili malori yasikae mpakani. Ni faida kwa biashara. Lakini dereva asiyelala Rusumo hali chakula cha jioni Rusumo. Anakula mbele au nyuma ya hapo, Benako au Nyakanazi. Hivyo vibanda vinapaswa kuruhusiwa kufuata malori. Kibali kinachomfunga mama lishe katika soko moja mwaka mzima kinamfunga mahali ambapo mteja ameondoka.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mchoro wa stendi, soko au maegesho katika wilaya hizi uonyeshe mahali pa mama lishe kabla ya ujenzi kuanza, tena upande ambao abiria na madereva wanashukia. Kuwatafutia nafasi baada ya jengo kukamilika ndiko kunakozaa mabomu ya machozi na sufuria kumwagwa.

Pili, ushuru wa sehemu za chakula utozwe kwa siku anayopika. Mwanamke aliyefiwa au anayeuguza mtoto asilipie siku ambayo jiko lake halikuwaka. Tukumbuke kwamba vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Sh20,000, vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka, viliwalenga wadogo. Sahani 40 za Sh1,500 kwa siku ni mauzo ya Sh60,000, na kiwango hicho kinavukwa kabla ya miezi mitatu kwisha, ingawa kinachobaki mfukoni ni kidogo. Kupima ukubwa wa biashara ya chakula kwa mauzo ghafi ni kumwonea mpishi.

Tatu, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ielekezwe pia katika kununua maharage wakati wa mavuno. Kagera ina misimu miwili, hivyo mavuno hayako mbali. Mama lishe wetu wa mfano anahitaji kilo 520 kwa siku 130 za kazi. Akizinunua kwa Sh1,700 badala ya Sh2,500 anaokoa Sh416,000, na akizihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa hahitaji dawa ya kuua wadudu. Hapo mkulima naye anapata mnunuzi katika wiki zile ambazo kwa kawaida anauza kwa bei ya kutupa.

Nne, maofisa ugani na afya wafundishe kupunguza gharama ya moto. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva mapema zaidi, na mkaa unapungua. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mama lishe anayewasha jiko tangu alfajiri ni wa kuanza naye, mradi asilazimishwe kununua mtungi kwa fedha ya mtaji wa unga.

Kuhusu aina ya chakula, mlaji naye ana la kufanya. Wali wa Ngara mara nyingi umetoka Kahama au mbali zaidi, na dagaa wanatoka ziwani, upande wa Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo kabla ya kumegwa. Nauli ya vyakula hivyo iko kwenye sahani. Ndizi zilizopikwa na maharage, au ugali wa udaga, havina safari ndefu. Ni kweli kwamba mnyauko wa migomba, uliobainika Kagera mwaka 2006, umepunguza mikungu katika mashamba mengi. Hiyo ni sababu ya kuongeza juhudi za kung'oa migomba iliyougua na kupanda miche safi, kwa kuwa kila mgomba unaopona unamsaidia hata yule asiye na shamba.

Madiwani wa Ngara na Biharamulo watakapokaa kupitisha bajeti na michoro ya masoko, waulize swali moja kabla ya kunyoosha mikono: baada ya mradi huu, mama lishe atauza sahani ngapi kwa siku? Kama jibu ni pungufu ya anazouza leo, wajue wameshapandisha bei ya chakula cha wapiga kura wao.