Kiazi kinachofichwa chini ya mfuniko

Katika chekechea nyingi za mijini, saa ya kula ikifika, mtoto mwenye biskuti za pakiti huziweka mezani wazi, na mwenzake aliyefungiwa kiazi kitamu hula huku ameacha mfuniko wa kontena wazi kidogo tu, mkono uingie na kutoka. Aibu hiyo hakuzaliwa nayo. Ameiokota kwetu wazazi, ambao ikitangazwa sherehe ya kufunga muhula, iwe shuleni, madrasa au kanisani, tunashindana kupeleka juisi za boksi, kripsi na keki za dukani, na aliyeleta sinia la vitumbua anaonekana amebana matumizi. Tumeifanya pakiti kuwa ushahidi wa mapenzi na usafi, ilhali inachothibitisha ni kwamba kitu kilifungwa vizuri.

Igeuze usome nyuma. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo sukari ikitajwa mara tu baada ya maji, hicho kinachoitwa kinywaji chenye ladha ya embe ni maji ya sukari, hata embe lililochorwa juu linenepe vipi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 350 inapita gramu 30, nasi tunampa mtoto wa miaka mitano kabla hata keki haijakatwa. Kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, kina vitamini A nyingi kiasi kwamba mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti waliokiendeleza na kukieneza, mmoja wao Robert Mwanga wa Uganda. Hicho ndicho kinacholiwa kwa kujificha.

Wanaotetea pakiti wana hoja nzito, nayo ni usalama. Jikoni kwa mtu hakuna mkaguzi, mafuta ya kukaangia huenda yamerudiwa hadi yakawa meusi, na karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa kawaida wa kupikia hauimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, chakula cha nyumbani kabisa. Siwezi kulipuuza hilo, na sidai kwamba kila kilichotoka nyumbani ni salama. Lakini hofu hiyo inatuelekeza kuchagua, haitupeleki dukani moja kwa moja: ndizi na chungwa huja na maganda yao, mahindi mabichi na viazi vya kuchemsha havihitaji mafuta, na kashata inataka karanga zilizochambuliwa kwa mkono, zilizosinyaa na zenye ukungu zikatupwa. Kwa mtoto mwenye mzio, pakiti ina faida ya kweli kwa sababu imeandikwa kilichomo; basi mwalimu aulize mapema muhula unapoanza, na anayepika aseme alichotia.

Wengine watasema hawana muda, na wanaosema hivyo wengi ni akina mama, kwa kuwa tukisema “cha nyumbani” tunamaanisha mama aamke saa kumi alfajiri. Hapo malalamiko yao ni ya haki. Ila cha nyumbani si lazima kitoke nyumbani kwako. Mama anayechoma vitumbua mtaani unamjua, unaona maji yake na mafuta yake, na oda ya darasa zima ingemfaa. Wazazi wakipangiana zamu, kila mmoja anafikiwa mara chache kwa muhula, na zamu ya matunda anaweza kuishika baba anayepita sokoni jioni akitoka kazini.