MAFUNDI WA KOMPYUTA HAWAKUPUNGUKIWA NA ARI



Juzi chuoni kwetu aliletwa bwana mmoja, kwa gari na kwa malipo, aje kuwafundisha mafundi wa kompyuta kuwa na ari ya kazi. Jina la chuo silitaji, maana ndugu zetu wa vyuo vingine watakaosoma haya watadhani nasema chao.

Tulikusanywa ukumbini siku mbili. Tukapewa fulana zenye maandishi kifuani, tukapewa chai na mandazi, kisha kila mmoja akaambiwa aandike katika karatasi ni kitu gani kimwamshacho asubuhi aje kazini. Mzee mmoja wa chumba cha mitambo, aliye katika kazi hii miaka ishirini na miwili, akaandika: "Nataka kulipwa zile Jumapili nne za mwezi wa Aprili." Karatasi yake ilisomwa mbele ya watu. Watu wakacheka, na yule bwana akasema kwamba ari ya kweli haitoki mfukoni. Kisha akaitia chini ya karatasi nyingine.

Siku ya pili, saa nane mchana, umeme ukakatika. Betri za mitambo, ambazo tumeandika barua nyingi kuomba zibadilishwe, hazikudumu hata dakika kumi. Vijana wawili wakaitwa watoke ukumbini. Walimaliza saa tano usiku, mitambo yote ikiwa yafanya kazi tena, na walipokuja kuuliza chakula chao kilikwisha liwa. Tena, kwa kuwa hawakuwapo wakati wa kutia sahihi, majina yao hayakuingia katika orodha ya posho. Wale waliokaa vitini wakisikiliza habari za kujitolea walilipwa, na wale waliokwenda kujitolea hawakulipwa.

Sasa twauliza: ni nani aliyewaambia wakubwa kwamba mafundi wamepungukiwa na ari? Mwezi wa Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya Korona na masomo yakabidi yapite katika mtandao, ni nani aliyekesha? Wahadhiri ambao maishani mwao hawakupata kufundisha kwa kompyuta walipiga simu usiku, na mafundi wakajibu, wengi kwa pesa zao wenyewe za simu. Na kabla ya hapo, siku za setilaiti, kebo za baharini zilipokuwa hazijafika Mombasa mwaka 2009, wapo waliokuwa wakilinda uzi mwembamba wa mtandao kama mtu alindaye moto wa kuni mbichi. Watu hawa ndio waambiwao leo waletewe mwalimu wa ari.

Yule bwana alimtaja Mmarekani, Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 yeye na wenzake walitoa kitabu baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu kama 200 huko Pittsburgh. Ni kweli Herzberg alisema kwamba mshahara peke yake haumtii mtu moyo kwa muda mrefu. Lakini mgeni wetu alituletea nusu ya habari. Nusu ya pili yasema kwamba mshahara mbaya, usimamizi mbaya na kanuni mbaya za kazi humvunja mtu moyo, na kwamba kimtiacho moyo ni kazi yenyewe, na kutambuliwa, na kupewa madaraka, na kupanda daraja. Katika hivyo tumepewa kipi? Fulana haimo.

Tena, mwaka 1980 Wamarekani wengine wawili, Couger na Zawacki, walichapa uchunguzi wao juu ya watu wa kompyuta hasa. Waliona kwamba haja yao ya kujifunza na kukua katika kazi yapita ile ya watu wa kazi nyingine, na haja yao ya kukaa na kuzungumza na watu ni ndogo zaidi. Ukimpa mtu wa namna hiyo ukumbi wa siku mbili na ukamnyima kozi, umempa asichokitaka na umemnyima akitakacho. Katika idara yetu yuko fundi aliyeomba kwenda kusoma habari za usalama wa mitambo miaka mitatu mfululizo. Kila mara kifungu cha masomo chasemekana kimekwisha. Cha semina hakikwisha.

Tuseme sasa habari ya uongozi wenyewe. Wakuu wa idara hizi huja kwa njia mbili. Wa kwanza huletwa na wakubwa kutoka ofisi nyingine, hajui kazi, na kwa kuwa hajui huogopa kuuliza. Wa pili ni yule fundi hodari kuliko wote, akapewa ofisi kwa uhodari wake. Huyu twampenda, lakini siku ile alipopewa ofisi tulipoteza fundi na hatukupata mkuu. Bado namba zote za siri anazo yeye. Bado yeye ndiye aamkaye usiku. Akienda katika kamati za wakubwa hajui namna ya kututetea, na bajeti ikikatwa yeye husema "ndiyo bwana" na kurudi kutuambia tuvumilie. Simlaumu sana. Mtambo ukinunuliwa, mtu hufundishwa kuutumia. Bwana huyu alipewa watu thelathini na ufunguo wa mlango, basi.

Na mafundi huulizwa lini? Tulinunuliwa programu ya kuandikisha wanafunzi. Kamati ya ununuzi haikumwita fundi hata mmoja. Mkataba ulipokwisha tiwa sahihi tukaambiwa, Jumatatu iwashwe. Ikaanguka juma lile la kujiandikisha, wanafunzi wakapanga mlolongo kuzunguka jengo, wengine wametoka mbali na nauli ya kurudi hawana. Barua ya kujieleza ikaandikwa upesi. Ilipelekewa fundi. Kamati ilikuwa imekwisha vunjwa.

Wakubwa watajibu kwamba chuo hakina pesa. Hapo wana ukweli wao, na hatutaki kuwadanganya wanachama. Mgomo wa vyuo vya umma wa mwaka 2025 ulidumu siku 49, toka Septemba hadi Novemba, na shina lake lilikuwa shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021. Makubaliano yalikuwa yamekwisha muda wake miaka minne, na watu walikuwa langoni wakidai malipo yake! Basi twajua hali ya sanduku. Lakini kumwita fundi katika kamati ya ununuzi kwagharimu kiti kimoja. Kuandika zamu ya usiku katika karatasi ili kila mtu aijue siku yake kwagharimu karatasi. Na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba si zawadi ya kuombwa. Imo katika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27.

Katika sheria hiyo hiyo, kifungu cha 37 chamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi mitatu. Huyo si kibarua tena. Lakini tazameni idara za kompyuta: vijana wenye digrii wamewekwa kwa mkataba wa miezi mitatu, wapumzishwe siku chache, warudishwe kwa mkataba mwingine kama mpya. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia mkuu kwamba mtambo haufai, na hawezi kudai Jumapili yake.

Na hapa nitasema neno ambalo baadhi ya ndugu hawatalipenda. Wakati wa mgomo wapo mafundi walioendesha mitambo ya chuo kwa siri, kwa simu, wakiwa nyumbani kitandani, huku wenzao wako langoni juani. Mpishi akivunja mgomo huonekana akipita na sufuria. Fundi haonekani. Baadhi yao walikuwa ni vijana hao wa miezi mitatu, waliopigiwa simu na kuambiwa wafikiri habari ya mkataba ujao. Siwasifu, lakini najua aliyewatia mkononi silaha ile. Na chama nacho kilifanya nini kwa ajili yao kabla ya siku ile? Katika tawi letu mikutano mingi ilipita bila neno "fundi" kutajwa hata mara moja. Kuna makarani wanaowaona mafundi kuwa watu wa wakubwa, na kuna mafundi wanaomjibu karani aliyesahau namba yake ya siri kama ajibuye mtoto mpumbavu. Tena wako wanaozificha namba za mitambo kama shamba la urithi, wakidhani ndipo hawatafukuzwa. Hayo yote huwafurahisha waajiri.

Basi mkutano wa tawi ujao utaletewa hoja, nanyi njoni mkiwa mmeifikiri. Kwamba wale wa mikataba ya miezi mitatu waandikwe uanachama, na chama kipeleke madai yao kwa kifungu cha 37, jina kwa jina. Kwamba katika mazungumzo yajayo na mwajiri daraja za mafundi wa kompyuta ziandikwe wazi, toka ya chini hadi ya juu, ili fundi hodari aweze kupanda bila kulazimishwa kuwa mkuu wa watu. Kwamba atakayefanywa mkuu afundishwe kwanza. Na kwamba zamu ya usiku na ya Jumapili iwe ya maandishi, yenye malipo au siku ya badala.

Zile Jumapili nne za mzee wetu zimekwisha tiwa katika kitabu cha malalamiko, kwa tarehe zake. Kila mwenye za kwake aje nazo zimeandikwa.